Walivyosugua Mawe ya Mjukuu Wangu

Mimi nilizaliwa Nuu, upande wa Kitui, mahali mto ni mchanga. Ukitaka maji unachimba, unangoja yajikusanye, unateka na kibuyu, unaenda zako. Huko utelezi hatukuujua. Mchanga haukai mahali pamoja, kila mafuriko yanaugeuza, hakuna kitu kinapata nafasi ya kuushikilia. Kijani tulikiona tu pale mtu alipoacha shimo wazi likapigwa na jua, na juu ya maji pakawa na ngozi kama ya maziwa yaliyopoa. Mama yangu akiona ngozi hiyo alisema maji yamelala. Aliyamwaga, akachimba upya. Kwa hivyo nilikua nikijua kwamba kijani juu ya maji ni uvivu wa mtu fulani.

Kisha nikaolewa huku Kibwezi, na hapa mambo ni mengine. Kijito chetu kinatoka chini ya mawe meusi, maji baridi, yanaonekana mpaka chini, na hata ukame ukiwa mkali namna gani hakikauki. Nashukuru Mungu kwa kijito hicho kila siku, kwa sababu najua kule nilikotoka. Lakini mara ya kwanza mama mkwe kunituma maji, nilikanyaga jiwe la kijani nikaanguka chali, mtungi ukapasuka. Hakuniambia pole. Alinipa nyuzi za mkonge na konzi ya mchanga akasema, "Hapa jiwe linaoshwa kama sufuria."

Na ndivyo tulivyoishi. Kila Jumamosi wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, wanashuka kijitoni na kusugua mawe ya kivuko mpaka yawe meusi safi. Kukiwa na mgeni anakuja, iwe ni harusi au ubatizo, tunasugua zaidi, juu na chini, ili mgeni wa watu asivunjike mguu kwetu. Hakuna anayeamrishwa. Mkono wako ukizoea mkonge, ukiona jiwe la kijani unawasha wenyewe.

Sasa nitaeleza habari ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu.

Huyu msichana alikuwa chuo kikuu, mambo yanaenda vizuri, mama yake akaugua. Akaacha masomo mwaka mzima akamwuguza. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamfundisha kutembea tena kutoka kitandani mpaka mlangoni. Binti yangu leo anatembea mwenyewe mpaka sokoni, na shukrani ya jambo hilo sina mahali pa kuiweka, ni kubwa kuliko mimi. Lakini msichana alirudi darasani akakuta wenzake wametangulia. Akaniambia, "Susu, mwaka mmoja nimeutoa na sijuti. Mwingine sina." Hiyo Susu ni nyanya, kwa Kikamba. Nami nilijua akisema hana, basi hana. Hatoi maneno ovyo, amenirithi.

Kazi yake ya mwisho ya chuo ndiyo iliyomleta kwangu. Alifika wakati wa jua kali, akaweka begi chini, tukasalimiana, nikamwuliza amekuja kusoma nini.

"Kile kijani cha kijito, Susu."

"Kijani kipi?"

"Kile mnachosugua."

Nikamwangalia. "Umekaa chuo miaka yote hiyo ukarudi kusoma uchafu?"

Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Si uchafu. Ni mmea. Hauna mzizi wala jani, lakini unakula jua kama mahindi. Shuleni tunauita mwani wa kijani."

"Shuleni waite wanavyotaka. Hapa ni utelezi."

Kesho yake akanishusha kijitoni. Mimi si mtu wa kuchezea maji, lakini nilikunja sketi nikaingia. Akaniambia nifumbe macho nishike. Penye dimbwi, maji yametulia na jua linapiga, nilishika kitu laini kama mrenda uliopikwa, kirefu, kinaponyoka kati ya vidole. Kisha akanipeleka pale maji yanapanda juu ya mawe na kuruka. Hapo pia ni kijani, lakini ukishika kinakwaruza, ni kigumu, kama uzi wa kusukia kyondo, kikapu chetu, na kimeng'ang'ania jiwe huwezi kuking'oa bila kucha. Nikafungua macho. Miaka yote nimesugua vitu viwili nikidhani ni kimoja.

Chini ya mkuyu mkubwa, mahali jua haliingii, mawe yalikuwa na rangi ya kahawa tu, kijani ni kidogo cha kutafuta. Na chini ya pale tunapofulia nguo, kulikuwa na vichaka vifupi vimesongamana, vimenona.

"Sabuni yenu na jasho lenu," mjukuu akasema. "Huyu wa hapa anapenda mlo mnono."

"Na wa mkuyuni?"

"Huyo anavumilia giza. Wengine hawawezi. Kila mmoja ana mahali anapopapenda, Susu, na kazi yangu ni kujua anapapendea nini. Ni jua? Ni mwendo wa maji? Ni jiwe kutogeuka? Ni chakula?"

Aliokota mawe makavu shambani kwangu, yale ambayo hayajawahi kuona kijito, akayatia alama ya rangi upande wa chini, akayapanga kila mahali: dimbwini, penye maji ya kuruka, mkuyuni, na chini ya pa kufulia. Alitaka kuona nani atakuja kukaa kwenye jiwe tupu, na atakuja wapi. Akawaambia wanawake wa mwethya, kwa heshima, wasiyasogeze mawe yake. Wakasema sawa, mtoto wetu. Mawe yakakaa, yakaanza kushika rangi, kila kundi na rangi yake, na msichana akawa anashuka kuyaangalia kila asubuhi kama mtu mwenye mbuzi aliyezaa.

Ndipo mimi nikaenda Nuu kumsaidia dada yangu kuvuna ndengu. Nilipokuwa huko, mwalimu wa mjukuu akapiga simu kwamba Jumatatu atakuja kuona mawe. Msichana akafurahi, akamwambia mwenyekiti wetu wa mwethya, na Jumamosi akaenda Kibwezi mjini kutafuta chupa za kubebea vitu vyake.

Mimi nilirudi Jumapili mchana. Kabla sijatua mzigo, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akanidaka njiani.

"Mama, mbona umechelewa? Ungeona kazi tuliyofanya!"

"Kazi gani?"

"Mawe ya mtoto! Mwalimu anatoka mbali huko, aje kukuta mawe ya binti yetu yana ndevu? Haiwezekani! Tumeyasugua moja moja. Yanang'aa kama mayai. Na hatukuyasogeza, usiogope, kila moja tumelirudisha mahali pake, alama chini vilevile."

Nikatua mzigo hapo hapo njiani. Nikauliza, "Na mtoto amesema nini?"

"Amesema asanteni sana. Amelelewa vizuri yule."

Nilimkuta kijitoni ameketi, viatu kando. Halii. Mawe yake yalikuwa chini ya maji, meupe na meusi, hayana hata unyuzi mmoja. Mwenye macho angeyasifu.

"Nitawaita wote sasa hivi," nikasema.

"Hapana, Susu. Hawakukosea. Niliwaambia wasiyasogeze, na hawakuyasogeza. Sikuwaza kuwaambia wasiyaoshe. Ni nani hapa anampokea mgeni na jiwe chafu?"

Hata mimi ningekuwapo, ningeusikia mkono wangu ukiwasha.

Jumatatu mwalimu akafika. Nilitarajia mwanamume mwenye tumbo, akashuka mama wa makamo, amevaa gambuti, anasalimia watu kwa mikono miwili. Wanawake wa mwethya walikuwa wamejipanga kivukoni na leso mpya. Nyumbani kulikuwa na kuku na chapati. Mwalimu akashuka majini, akainama, akainua jiwe moja, akaligeuza, akalirudisha. Akainua la pili. Wanawake wote wamenyoosha shingo wakingoja. Mjukuu wangu amesimama kando yake, amebana midomo.

Mwalimu akainuka akawaangalia. Nadhani alielewa yote hapo hapo. Akasema, "Akina mama, mawe haya ni masafi sana."

Vigelegele vilivyopigwa, ndege waliondoka mkuyuni.

Baada ya kula ndipo akatuambia sisi wawili, msichana na mimi. Alisema kwa upole, lakini alisema. Hawezi kuandika kwamba ameona kitu ambacho hajakiona. Mawe yakishika tena kijani, apigiwe simu, atakuja. Mvua ikitangulia, mafuriko yatayageuza na kuyakwangua, na hapo itakuwa ni kungoja kiangazi cha mwaka ujao.

"Na mvua zenu huanza lini?" akauliza.

Nikamwonyesha vilima vya Chyulu. Vilikuwa bado wazi, lakini upepo ulikuwa umeanza kubadilika. Akaelewa hilo pia.

Niliwaita wanawake jioni ile ile nikawaambia ukweli wote, sikuzungusha. Mwenyekiti akajifunika uso na leso. Jirani yangu ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hivyo tumeosha masomo ya mtoto."

"Mmeyaosha."

"Aiya!" Akasimama. "Basi tuyarudishe. Dimbwini kijani kimejaa. Tukichote tukipake kwenye mawe, nani atajua?"

Wengine wakaanza kuitikia, mmoja tayari anatafuta beseni. Mjukuu wangu akaanza kucheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko.

"Hakitashika, mama. Cha dimbwini ukikiweka penye maji ya kuruka kitaenda na maji kabla hujageuka. Kila kimoja kinajua kwake."

"Basi tuache kufua. Tutafulia nyumbani."

"Hapana! Mkiacha kufua, wale wa chini ya pa kufulia watakosa chakula, na mimi nitaandika uongo. Fueni kama siku zote. Ng'ombe wanywe pale pale wanaponywa. Ombi langu ni moja, na najua ni zito." Akawaangalia wote. "Msisugue. Si mawe yangu tu, hata kivuko. Ule mchanga wa kusugulia unashuka na maji unafunika kila kitu."

Hapo pakawa na manung'uniko, na sikuwalaumu. Kivuko kisiposuguliwa kinakuwa sabuni. Kuna wazee kati yetu, kuna mwenye goti bovu, kuna mwenye mimba. Na ni kule ng'ambo kanisa liko, na njia ya soko. Mwenyekiti akatoa leso usoni akasema, "Tutashikana mikono."

Na wakashikana. Ukipita asubuhi ungeona mstari wa wanawake na mitungi kichwani, mkono mmoja juu na mwingine kwa mwenzake, wanatambaa kivukoni kama watu wanaovuka na yai. Mtoto wa shule alipitishwa kwa kukabidhiwa, huyu kwa yule. Nimeishi hapa miaka mingi na sikuwa nimewahi kushika mkono wa baadhi ya wanawake wale, kwa sababu ya maneno ya zamani ambayo sitayaandika. Niliushika wakati huo. Nashukuru utelezi kwa hilo, ingawa nilikuwa nimeapa sitaushukuru kwa lolote.

Jirani yangu alianguka. Alikaa kitako katikati ya kivuko, maji yakimpita kiunoni, mtungi umeelea umeondoka. Tukadhani ameumia. Akapaza sauti kwa mjukuu wangu aliyekuwa dimbwini, "Wewe msomi! Andika na hili! Andika kwamba makalio yangu nayo yamepata mahali yanapopapenda!"

Tulicheka mpaka tukashindwa kumwinua.

Mawe yalichukua muda wake. Kwanza yakashika utando wa rangi ya kahawa, nikadhani yameharibika. Msichana akasema hao ndio hutangulia, wengine hufuata. Kweli, dimbwini kijani kikaja mapema, manyoya mafupi, kisha nyuzi. Chini ya pa kufulia kikaja kwa haraka kuliko kote. Penye maji ya kuruka kilikawia, kidogo kidogo kimejishika. Nikaona konokono wadogo wanatembea juu ya mawe wanakula, nikainama niwatoe, nikapigiwa kelele.

"Waache, Susu! Nao ni wa hapo!"

Nikawaacha. Lakini niliwatazama kwa jicho baya.

Mkuyuni ndiko kulikotusumbua. Huko ni kahawa tu, kahawa tu, na Chyulu kila alasiri kuna mawingu. Mashamba tulikuwa tumekwisha kuyalima, mbegu ziko tayari, na kila mtu katika nchi hii anatazama juu anaomba. Mimi niombe nini? Siwezi kuomba mvua ichelewe. Nimezaliwa Nuu, nimeona ng'ombe wakianguka kwa kiu, midomo kama hiyo ya kuzuia mvua mimi sina. Kanisani Jumapili mchungaji akatuambia tuombe mvua, kila mtu kwa sauti yake. Nikanyamaza. Nyuma yangu nikamsikia jirani yangu, sauti imepanda juu ya wote:

"Bwana, tupe mvua! Tupe ya kutosha! Lakini, Bwana, wewe unajua, anzia Kyuso na Nuu, wao ndio wana shida zaidi, kisha uje huku taratibu!"

Nilijifanya nakohoa. Mchungaji naye alikohoa.

Sitasema Mungu alifanya nini na ombi lile. Ninachojua ni kwamba mkuyuni kulianza kuonekana kijani hafifu, kama kivuli cha jani, ndani ya ile kahawa. Mjukuu wangu akampigia mwalimu. Mwalimu akasema kesho asubuhi.

Mvua haikungoja kesho. Alasiri ile ile kukawa na giza upande wa vilima, na ngurumo, na sisi bado tuko kwenye jua. Kwa mtu asiyejua mito hilo si kitu. Sisi tunajua: maji ya huko juu yanafika hapa kabla ya mvua yenyewe. Nilimwona mjukuu wangu anashuka mbio na mabeseni mawili, nikajua hayatoshi na mikono yake haitoshi. Sikuita mtu. Sikuhitaji kuita. Walitoka kila nyumba, na karai, na sufuria, na ndoo, mwenye mimba akashika watoto ukingoni, wengine wote wakaingia.

"Mtie maji ya pale pale kwenye chombo!" msichana alikuwa anapaza sauti. "Kisha jiwe! Shika chini, kwenye alama! Juu msiguse!"

Wale waliokuwa wameyasugua mawe yale kama masufuria ya harusi, sasa waliyainua kama mtu anavyomtoa mtoto mchanga kitandani. Mwenyekiti alibeba la mkuyuni, amelikumbatia kwenye sufuria, anatembea na kujisemea, "Sijakugusa, sijakugusa." Jirani yangu alikwenda penye maji ya kuruka, na kijito kilikuwa kimeanza kubadilika rangi. Nilimwambia atoke. Akasema, "Nyamaza wewe," akainama, akatoka na jiwe la mwisho huku maji yamefika juu ya goti. Tulipogeuka nyuma, kivuko hakikuwepo. Kulikuwa na maji ya udongo na matawi, na kelele.

Kesho yake mwalimu aliacha gari mbali kwa sababu ya matope, akaja kwa miguu. Akakuta vyombo vyote vya kijiji vimejipanga barazani kwangu, kila kimoja na jiwe lake, na hakuna nyumba iliyokuwa na sufuria ya kupikia chai. Akapita akiangalia. La dimbwini, nyuzi ndefu zimelala majini. La maji ya kuruka, gumu na fupi. La pa kufulia, limesongamana. Alipofika la mkuyuni akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akachutama. Kisha akakunja mikono ya shati akamwambia mjukuu wangu, "Lete mswaki na chupa. Tuanze."

Wakakwangua siku nzima, huku mvua inapiga mabati hatusikilizani. Mwaka huo huo msichana akamaliza.

Jumapili ya shukrani nilisimama kanisani. Mimi si mtu wa kusimama. Nikasema, "Nawashukuru wanawake wa mwethya. Waliacha kusugua. Walishikana mikono. Waliingia majini. Mtoto amemaliza." Nikataka kuendelea, nikabaki nimesimama hapo mbele ya watu kama mlingoti.

"Kaa chini, mama," jirani yangu akaniambia kutoka nyuma. "Tumesikia. Na sufuria yangu uirudishe."